Mzigo wa Bibi

Nyinyi akina mama wa ushirika wa Jumatano hapa Kisian mmeniuliza mmoja mmoja nilipotelea wapi, na kila mmoja nimempa kipande chake, kwa sababu kila mmoja hunikatiza mahali pake. Sasa kuna mtu anasema niliitwa Mwanza na ndoto. Mwingine anasema nilishikwa mpakani na mtoto mchanga asiye wangu. Hakukuwa na mtoto yeyote, kulikuwa na nepi tu. Kwa hivyo nimekaa chini na kalamu, na nawaomba msome mpaka mwisho ndipo mcheke.

Mambo ya tiketi na karatasi nitayaruka, hayana utamu.

Mnajua nilikuwa matroni wa bweni la wasichana miaka ishirini na sita. Kazi yangu ilikuwa kufungua masanduku siku ya kufungua shule na kusoma orodha: ndala, taulo, ndoo yenye jina, mpira wa kutandika kitandani. Asiye na kitu arudi na mzazi wake. Nilipostaafu sikuwa na sanduku la mtu wa kufungua, nikaanza kujifungulia langu mwenyewe. Nina daftari la safari. Nina begi nyuma ya mlango, limejaa saa zote, na kila mwezi nalifungua, napeperusha nguo, nalifunga tena. Mama Atieno huniuliza nasafiri lini. Namwambia safari haibishi hodi.

Begi hilo, kuanzia mwezi wa pili, lilikuwa na kazi moja. Mtoto wangu Adhiambo, ambaye ni wa pekee, ameolewa Mwanza na Masanja, kijana wa Kisukuma, fundi wa friji, mpole mpaka unajiuliza kama anasikia. Mwaka jana mimba yao ya kwanza iliharibika. Mwaka huu akashika nyingine. Nikamwandikia orodha ya vitu vya kujifungulia, vitu arobaini, nikampigia simu nimsomee. Nilipofika namba kumi na tisa akasema, "Mama, mimi si msichana wa fomu wani. Nitakuita nikikuhitaji."

Nikasema sawa. Akasema sawa. Miezi mitatu hakuita, na mimi, kwa vile nina kichwa kama kisiki, sikupiga. Badala yake nilinunua vyote arobaini na kuvipanga ndani ya begi.

Usenge hadi Kisian

Siku yenyewe nilikuwa Usenge kununua omena. Nilikuwa nimeinama juu ya nyavu wanapoanikia dagaa hao, nabishana na mama mmoja kuhusu mchanga.

"Hii omena yako nikiiosha nitabaki na kiwanja cha kujenga," nikamwambia.

"Matron, mchanga ndio inashika jua," akasema bila aibu.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Masanja. Sasa mwelewe kwamba Masanja na mimi hatuongei kwa simu. Kwetu mama mkwe, *maro*, ni mtu wa kukaa mbali na mume wa binti yake. Hatushikani mikono ovyo, hatuli pamoja, na mimi siwezi kulala chini ya paa lake hata mvua ikinyesha mawe. Adhiambo alimfundisha vizuri mno. Nikimpigia hapokei, anasubiri simu ikate, kisha anajibu kwa ujumbe. Ndiyo heshima.

Ujumbe ulisema: "Shikamoo mama. Bibi amezidiwa, tumemlaza hospitali tangu jana. Tuombeeni."

Bibi yake ni nani kama si Adhiambo wangu? Omena zikanimwagika. Nilipiga simu ya Adhiambo: haipatikani. Nikapiga tena: haipatikani. Nikamwandikia Masanja neno moja, "Nakuja." Akajibu, "Mama, safari ni ndefu, usijisumbue."

Usijisumbue! Yaye, hasira niliyoshikwa nayo nusura niimalizie kwa yule mama wa omena. Yeye ndiye aliyeokota zile zilizomwagika, akaongeza konzi tatu za bure, akaniambia, "Nenda, Mama. Nyathi ni nyathi." Mtoto ni mtoto. Nilipofika nyumbani niliona zile za bure hazikuwa na mchanga. Kumbe za kwake mwenyewe huwa anaziweka kando.

Kutoka Usenge hadi Kisian, gari lilisimama Bondo kungoja mtu aliyekuwa anakunywa chai, likasimama tena Akala kuongezwa upepo. Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili kama kikombe. Kuingia ndani, kunawa, kubadilisha viatu, kubeba begi na kutoka kulinichukua dakika kumi na tano. Nilijisifu. Nilisimama pale mlangoni na kifo cha mtoto wangu kikiniwinda, na bado nikajisifu kwa zile dakika kumi na tano.

Kisha nikakumbuka hakuna basi la Mwanza linaloondoka alasiri. La mapema ni la asubuhi. Nikarudi ndani, nikaketi juu ya begi mpaka kesho yake.

Usiku huo nilisoma daftari. Namba moja hadi arobaini zote zilikuwa na alama ya vema. Namba arobaini na moja, niliyojiongezea mwenyewe, "Pa kulala", haikuwa na alama. Nyumbani kwa mkwe siwezi, na Mwanza sina mtu mwingine. Nikaandika kando, "Mungu atajua," jambo ambalo msichana wa bweni langu angeandika ningemrudisha kwao.

Kisumu, ambapo hatukwenda popote

Basi lilikuwa liondoke saa moja. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeketi, kanuni ikiwa ni kwamba anayefika mapema huchagua kiti. Nilichagua cha dirishani. Saa moja ikafika. Saa mbili ikafika. Utingo akasema kuna abiria mmoja alishuka kidogo tu.

"Ameshuka wapi?" nikauliza.

"Ameenda Kibuye, Mama. Anakuja tu."

"Kibuye kufanya nini?"

"Kuangalia kama amefunga duka."

Saa tatu kasorobo akaja, mama mnene mwenye kitambaa cha kijani, mwendo wa mtu anayekwenda harusini. Mkononi alikuwa na kipochi cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Hakuwa na begi, wala chupa ya maji, wala hata mwavuli. Akaketi kando yangu, akashusha pumzi, akasema, "Huyo dereva alitaka kuniacha, unaona?"

Jina lake Mama Shiru. Ni mtu wa Murang'a, lakini anauza nguo za mitumba Kisumu tangu watoto wake wakiwa wadogo, na sasa anawatukana makanga kwa Kijaluo kunizidi. Alikuwa anakwenda Migori kumwona mteja. Kabla hatujapita Nyamasaria alikuwa ameniomba karatasi ya kupangusia pua. Kufika Ahero alikuwa amekunywa maji yangu. Kufika Sondu alikuwa amevua viatu na kuvaa ndala zangu, ambazo ninaziweka juu kabisa ya begi ili zipatikane haraka, na kweli zilipatikana haraka.

"Wewe umejipanga," akaniambia, akitafuna yai langu la kuchemsha. "Mimi siwezi. Mimi nikibeba vitu vingi nasahau mwenyewe nakwenda wapi."

Nilikuwa nimemwandikia Masanja kuuliza bibi anaendeleaje, na kama tumbo lina shida, na jibu lilikuwa limeingia: "Tumbo halina shida mama. Ni presha. Na daktari anasema umri nao unachangia."

Mimi nimeishi na manesi; najua presha ya mwenye mimba ni kitu gani. Lakini hilo la umri ndilo lililoniwasha. Nikamwonyesha Mama Shiru.

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa!"

"Wanaume!" Mama Shiru akapiga paja langu. "Wanaoa msichana, akikohoa mara mbili wanasema amezeeka. Yeye mwenyewe ana ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Ona sasa! Yeye ndiye mzee."

Tulimsema Masanja kutoka hapo hadi Kisii. Maskini, huyo kijana hajui jinsi jina lake lilivyopigwa mawe katika vilima vile vya chai na ndizi. Mama Shiru akamwona ni mtu wa kuoa mke wa pili. Mimi nikakumbuka kwamba tangu siku ya kwanza hakuwa ananiangalia machoni, nikasahau kwamba ni mila yangu mwenyewe iliyomkataza.

Kisii hadi mpakani

Baada ya Rongo, basi lilianza kunuka mpira ulioungua. Dereva akalisimamisha chini ya mkaratusi, akalala chini yake, akatoka, akasema neno ambalo siandiki. Tukashuka. Tulikaa pale saa mbili nzima.

Ndipo ujumbe wa tatu ukaingia. Nauandika hapa kama ulivyokuwa, kwa sababu sijaufuta: "Mama, bibi leo hatambui watu vizuri. Anamwita mama yake. Usiku kucha anamwita mama yake tu."

*Nitakuita nikikuhitaji.*

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kama mtu anayechinjwa, mbele ya abiria wote. Miezi mitatu nilikuwa naonyeshana kiburi na mtoto wangu kwa sababu ya namba kumi na tisa, ambayo, kama mnataka kujua, ilikuwa pini za kufungia nepi. Na sasa ananiita na mimi niko kando ya barabara ya Migori, nimebeba kila kitu, nepi na beseni na shali na mpira wa kitanda na unga wa wimbi uliochekechwa mara mbili, na basi halina mkanda wa injini.

Sasa mwone jinsi Mungu anavyotuchezea. Nilitaka msaada, nikafungua daftari langu. Ndani kulikuwa na namba za dharura kumi na mbili nilizoziandika kwa kalamu nyekundu, na hakuna hata moja ya mtu anayekaa kati ya Rongo na Migori. Mama Shiru hakuwa na daftari. Alisimama katikati ya lami bado na ndala zangu, akanyoosha mkono, na gari la tatu lilikuwa la mtu anayemjua. Alikuwa amemuuzia koti.

"Huyu ni dada yangu," akamwambia yule mtu. "Mtoto wake anakufa. Mpeleke mpaka mpakani."

"Mama Shiru, mimi nakwenda Awendo tu."

"Sasa Awendo si ni mbele? Ongeza kidogo."

Akanipeleka. Mama Shiru, aliyepanda nami, alishukia Migori, akanikumbatia, akasema ataniombea kwa Kikuyu maana huko ndiko anakosikika vizuri. Nilipovuka barabara kuelekea ofisi za mpakani niligundua ameondoka na ndala zangu.

Mpakani

Afisa wa upande wa pili alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti ya chini. Alifungua begi langu. Mimi nimefungua masanduku ya wasichana maelfu, na nawaambieni, leo nimejua walivyokuwa wanajisikia.

Akatoa nepi. Akatoa nepi tena. Akaniangalia usoni, akaangalia mvi.

"Mama, una mtoto mchanga?"

"Bado."

"Bado," akarudia polepole. Akazirudisha. "Unakwenda kumwona nani?"

"Nakwenda kumwona bibi ya mkwe wangu. Amelazwa."

"Oh, pole sana. Bibi wa mkwe wako. Ni mzee sana?"

Hata huyu! Nikaona Tanzania nzima ina shida na umri wa wanawake. Nikamwambia kwa ukali, "Ana miaka ishirini na tisa."

Kijana akaweka chini shali aliyokuwa ameshika. "Bibi ana ishirini na tisa."

"Ndiyo."

"Na huyu mkwe wako, mama, ana miaka mingapi?"

"Thelathini na mbili."

Akamwita mwenzake, wakanong'ona, wakaniangalia, mwenzake akasema, "Mwache tu apite, ana mawazo huyo." Nilidhani wamenionea huruma kwa ajili ya Adhiambo. Nikawashukuru sana, na wao wakanijibu taratibu sana, neno moja moja, wakiniambia nivuke barabara kwa uangalifu.

Magari ya Mwanza yalikuwa yamekwisha siku hiyo. Nikalala Sirare, nyumba ya wageni yenye kitanda kimoja na picha ya meli. Mkahawani nilisema, "Nipe ugali na sukuma."

Msichana wa pale akanitazama. "Sukuma?"

"Eeh, sukuma. Ya majani."

"Mama, hapa tuko Wakurya. Wasukuma utawakuta mbele huko, Mwanza." Wateja wakacheka, nami nikacheka kidogo kwa adabu, nikala mchicha.

Mwenye akili timamu angesimama hapo na kujiuliza: kama majani ya sukuma, ambayo nimeyala tangu nizaliwe, yamegeuka kuwa watu baada ya kuvuka kamba moja tu, ni neno gani jingine limegeuka? Mimi sikujiuliza. Nilikuwa nawaza kama chandarua changu kina tundu.

Sirare hadi wodini

Njia ya Bunda na Lamadi ni nzuri na sikuiona. Watu walionyesha pundamilia dirishani, sikugeuka. Ujumbe mmoja tu uliingia: "Anasema tumrudishe kwao akapumzike." Nikajibu, "Mwambie mama yake yuko njiani." Masanja hakujibu muda mrefu, kisha akaandika, "Amina mama."

Hospitali nilifika saa saba mchana, nikiwa na viatu vya kanisani, kwa sababu ndala zilikuwa Migori. Niliuliza wodi ya wazazi. Nikapita vitanda vyote vya mkono wa kulia, nikarudi kwa vyote vya kushoto. Hayupo. Muuguzi akasema hakuna mtu wa jina hilo. Mnajua hospitali mtu akikosekana kitandani ina maana gani. Nilitoka nje kwenye veranda, nikaweka begi chini, na sikuweza kuliinua tena.

Adhiambo alikuwa anakuja kutoka upande wa pili na chupa ya chai mkononi.

Anatembea. Amenenepa mashavu. Tumbo mbele kama ngoma ya kanisa, miguu imara, anatafuna muwa. Akasimama.

"Mama?"

Nilimshika uso, nikamshika tumbo, mtoto akanipiga teke kiganjani, nikamvuta kope za macho kuangalia damu kama nilivyokuwa nikifanya bwenini. Alikuwa mzima kuliko mimi.

"Mama, umetoka Kisian mpaka hapa? Kumwona bibi?"

"Bibi ni nani?" nikauliza.

"Bibi Kabula. Bibi yake Masanja, aliyemlea. Si alikuandikia?" Akaniangalia, akaangalia begi, akaliona beseni lililofungwa juu yake kwa kamba. Nikaona jambo lenyewe likipanda polepole usoni mwake. "Mama. Ulidhani bibi ni... mimi?"

"Sasa bibi si ni mtu ameolewa?"

"Hapa bibi ni nyanya!"

"Kwa nini asiseme nyanya?"

"Kwa sababu hapa, Mama, nyanya ni ile ya kuweka kwa mchuzi!"

Alianza yeye kucheka. Mimi nilikataa, nilisimama kama nguzo, kisha nikaketi juu ya begi, na tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tumefiwa. Simu yake, akaniambia, ilianguka kwenye maji ya kufulia na fundi bado hajairudisha. Halafu ghafla hakuwa anacheka. "Ulidhani mimi ndiye ninakufa."

"Niliambiwa unaniita."

Akachezea kifuniko cha chupa. "Nilitaka kukuita. Kila siku nilikuwa karibu kukuita. Nilikuwa naona aibu."

"Mimi pia," nikasema, na jueni hilo neno sijawahi kumwambia mtoto huyo maishani mwake.

Kitanda cha mwisho

Kwa haki safari yangu ilikuwa imekwisha hapo. Nilimfuata Adhiambo wodi ya wanawake ili nitoe pole, ninywe chai, nitafute pa kulala. Masanja alikuwa pale. Aliponiona alipiga magoti mbali, macho chini, kama alivyofundishwa.

"Mama," akasema akiutazama ukuta, "umetoka Kenya kwa ajili ya bibi yangu."

Shangazi zake watatu wakaanza kulia kwa shukrani. Walisema hawajaona mkwe wa namna hii. Sikuwasahihisha. Mnaweza kunipeleka mbele ya mchungaji, lakini nawauliza nyinyi mngesema nini.

Bibi Kabula alikuwa kitanda cha mwisho, mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, mikono ikitafuta kitu kwenye shuka. "Mayu," alikuwa anasema. "Mayu. Mayu."

"Anasema nini?"

"Ni Kisukuma," Adhiambo akasema. "Anaita mama yake."

"Na nyinyi mnamjibu nini?"

Shangazi mmoja akafuta macho. "Tunamwambia ukweli, kwamba mama yake alikufa zamani. Analia sana, anasahau, anaita tena."

"Mnamwambia kila mara?"

"Kila mara."

Basi hapo nilikasirika kabisa. Mimi nimekaa bwenini miaka ishirini na sita, nimeketi na wasichana wenye homa ya malaria wakiita mama zao usiku kucha, na sijawahi hata siku moja kumwambia mtoto mgonjwa kwamba mama yake yuko Siaya. Nilimsogeza shangazi, nikaketi, nikashika ile mikono iliyokuwa inatafuta.

"Mayu?"

"Nimekuja," nikamwambia.

Akanyamaza. Vidole vikanishika dole gumba, vikakaa hapo.

Kisha nikafungua begi, maana ndiyo kazi niijuayo. Mpira wa kitanda ukaingia chini yake. Shali ya mtoto ikatosha miguu yote miwili. Unga wa wimbi ukakorogwa uji mwepesi kwenye kikombe chenye mdomo, namba ishirini na sita, na akanywa chote, mtu aliyekuwa amekataa kijiko siku mbili. Pamba, mafuta, beseni, vyote vilipata kazi isipokuwa nepi na pini zake. Muuguzi wa zamu aliponiona nakunja kona za shuka aliniuliza nimefanya kazi wapi. Tukaongea. Akaniletea kiti chenye mgongo, akasema hapo kando ya kitanda naweza kukaa hata usiku. Sikuwa chini ya paa la mkwe wangu. Nilikula nyuma ya pazia, peke yangu, samaki walioletwa na shangazi, na hakuna mila hata moja iliyovunjika. Nikatoa daftari nikaweka alama ya vema kwenye namba arobaini na moja.

Nilikaa hapo siku tano, usiku na mchana. Nilijibu, kwa hesabu ya haraka, kila alipoita. Adhiambo alikuja kila siku akaketi upande wa pili na tumbo lake, na siku ya tatu, bila kuniangalia, akaniambia, "Mama, ile orodha. Namba ishirini ilikuwa nini?"

Siku ya sita presha ilikuwa imeshuka, na mimi nilikuwa narudi nyumbani, nije tena wakati wake Adhiambo utakapofika. Amesema atanipigia mwenyewe, na atasema kwa Kijaluo. Asubuhi hiyo nilikuwa namfunga kitambaa Bibi Kabula aliponitazama, akanitazama kweli, macho yamerudi ndani yake. Akasema kwa Kiswahili safi, "Wewe ni nani?"

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Nilitaka kumweleza vizuri kwamba mimi ndiye niliyemzaa mke wa mjukuu wake. Lakini ulimi ni ulimi, na wangu ni wa Kisumu.

"Mimi ni mama ya bibi," nikasema.

Shangazi zake walishika midomo. Adhiambo akageukia ukuta, mabega yakitikisika. Bibi Kabula hakucheka. Alinikagua kuanzia mvi mpaka viatu vya kanisani, akafikiri, akavuta shali juu ya magoti.

"Umechelewa sana," akasema.

"Nisamehe," nikamwambia. "Basi lilitukalisha Kisumu."